Maji Yaliyolala Wazi

Jioni beseni lilikuwa limejaa. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kiasi cha kiganja. Nyaruai aligusa sakafu, akaikuta kavu. Akainua beseni aone kama limetoboka. Halikuwa na tundu.

"Cucu, ulichota maji ya samaki?"

"Mimi? Niyapeleke wapi?" nyanya yake Waruguru alijibu kutoka jikoni, akipuliza moto. "Si niliwaambia tangu mwanzo? Maji hayalali wazi kwa nyumba ya watu. Usiku kuna vitu vinatembea na kiu. Funika!"

Ugomvi huo ulikuwa wa kila siku. Maji ya mfereji ya Kitale yana dawa, na dawa hiyo huua gapi, wale samaki wadogo wenye mikia mipana ya rangi rangi. Lazima yalale kwa beseni bila kifuniko ndipo dawa itoke. Mwalimu wa Bungoma aliyemuuzia baba yao tangi la kioo alieleza hivyo, na Wamboi, mdogo wake Nyaruai na kitinda mimba, akayashika maneno yale kama sala. "Maji yalale kwanza," alikuwa akimwambia kila mgeni, na yeye hata darasa la pili hajafika.

Wamboi walimzika wakati wa mvua kubwa. Homa ilimchukua akiwa amemshika dada yake kidole. "Usiache wafe," alisema, na Nyaruai, aliyekuwa ameacha shule kidato cha pili ili amuuguze, akaapa kwamba hataacha. Tangu hapo aliwalea wale gapi kwa moyo wote. Stima ikipotea, alizungushia kioo chupa za maji moto, maana baridi ya Kitale haina huruma. Jike likikaribia kuzaa alilitenga, kwa sababu gapi huzaa watoto wakiwa hai, na mama akiachwa nao huwala.

Maji yale yaliyobaki kwa beseni aliyamimina ndani ya tangi. Aliona ni hasara kuyamwaga.

Kufikia adhuhuri sebule ilinuka udongo mbichi, harufu ile ile ya siku ya mazishi. Mama yake, Gladwell, ambaye tangu msiba hakuwa amekaa sebuleni, alivuta kiti akaketi mbele ya tangi. Hakuondoka.

Siku iliyofuata stima ilipotea jua likizama. Pampu ya hewa ikanyamaza. Nyaruai alikuja na chupa zake, akasimama katikati ya chumba. Pampu ilikuwa kimya kabisa, lakini mapovu yalikuwa bado yanapanda majini, moja moja, kama ya mtu anayepumua chini.

"Mami," alinong'ona. "Hayo mapovu..."

"Shh. Anaongea."

"Nani?"

"Ati nani! Mtoto wangu." Gladwell alitabasamu, na nywele zake zilikuwa zinadondosha maji. "Anasema huko ndani kuna joto."

Gladwell aliacha kula. Baba yao alikuwa Suam kununua mahindi, na simu yake haikushika. Kisha, asubuhi moja, Nyaruai aliingia na chai akamkuta mama yake amepiga magoti juu ya kiti, uso wote umezama ndani ya tangi mpaka masikioni, mikono imelegea, na gapi wamemzunguka mashavuni kana kwamba wanamnyonya, na alipomvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mama yake alikohoa, akatema maji, kisha akalia kwa sababu ametolewa.

Waruguru hakungoja zaidi. Alimwita Mama Edah, mama wa maombi kutoka Lugulu. Mama Edah alisimama mlangoni tu, akanusa.

"Hiyo ni jini," alisema. "Irikuja kunywa, ikapata nyumba iko na kirio. Ikakaa."

"Tuitoe aje?" Nyaruai aliuliza.

"Maji yote imwagwe kwa udongo, jua likiwa juu. Na yure anaitwa ndiye anamwaga. Akikataa kuitikia, itaenda."

"Na samaki?"

Mama Edah alimtazama kwa huruma. "Wamekunywa hiyo maji, mama yangu. Wanaenda nayo."

"Nilimwahidi..."

"Najua. Rakini utazika wangapi?"

Nyaruai aliangalia shingo ya mama yake, jinsi ilivyokonda. Kisha akaenda kuleta karai.

Waliyachota yote, maji na samaki, na Gladwell akashika upande mmoja wa karai, Nyaruai upande wa pili, na Mama Edah nyuma yao akiomba kwa sauti ya chini. Walipofika penye mahindi Gladwell alisimama, maana kutoka ndani ya karai lile sauti ndogo ilikuwa ikisema mami, mami, mami nimerudi mbona unanitupa, naye alikitikisa kichwa chake huku machozi yakidondoka ndani ya maji yale yale, akauma midomo hadi ikatoka damu, akainamisha karai. Na maji yalipokuwa yakimwagika, na gapi wakirukaruka juu ya udongo na mikia yao mizuri, sauti ikamwacha mama ikageuka upande wa pili, ikasema wazi kabisa: Nyaruai.

Hakuitikia.

Udongo ulinywa haraka. Samaki walitulia.

Gladwell aliketi chini pale pale. Alipoongea, ilikuwa sauti yake ya zamani. "Niambie ukweli. Ilikuita na wewe?"

Nyaruai aliangalia mikono yake iliyolowa. "Hapana, mami. Sikusikia kitu."

Mama yake akashusha pumzi ndefu. "Basi hakuwa yeye. Wamboi hangeniita mimi asikuite wewe." Akajipangusa uso kwa leso. "Nipikie chai, mtoto wangu. Nasikia njaa."

Nyaruai aliingia jikoni akawasha moto. Aliweka sufuria, akapima majani, akakaza meno, kwa sababu huko nje kwenye mahindi sauti ilikuwa bado inamwita, pole pole, bila hasira, kama mtoto anayejua kwamba dada yake hajawahi kukosa kumwitikia.