Nyuzi Alizoziona Kamusi

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, wenzake walilizunguka dawati la Kamusi. Huyu aliuliza jibu la hesabu, yule maana ya neno, na binti huyo hakukosa la kusema. Jina la Kamusi walimpa wao, naye alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Neno moja tu lilikuwa zito mdomoni mwake: "sijui".

Siku hiyo mwalimu wa sayansi aliingia ameikumbatia hadubini ya shule kama mtoto mchanga.

"Seli zinazofanya kazi moja zikikaa pamoja, tunaziitaje?"

"Tishu!" Kamusi alidakia. "Ziko aina nne, Mwalimu. Epithelia hufunika, misuli hujikunja na kujinyoosha, neva hupeleka taarifa, na tishu unganishi hushikilia nyingine zote."

"Vizuri. Lakini leo sitaki ya kitabuni. Kwenye kioo hiki kuna tishu moja, na siwaambii ni ipi. Chungulia, kisha chora ulichokiona kwa macho yako. Atakayechora vizuri ndiye atakayewaonyesha wazazi hadubini siku yao."

Nyuma ya darasa, Kobe alikaa wima. Walimwita hivyo kwa sababu hakuwa na haraka na jambo lolote. Baba yake, fundi wa vigae, alikuja kila siku ya wazazi, akakaa kiti cha nyuma, akarudi nyumbani bila kusikia mwanawe akitajwa. Safari hii Kobe aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote.

Alichungulia wa kwanza, taratibu, mpaka wenzake wakamsonya. Kisha akachora vitu bapa vilivyobanana, kila kimoja kikiwa na nukta katikati.

Kamusi alifuata. Aliona weupe, na nyuzi nyeusi zimepita juu yake. Kila alipopepesa jicho, nyuzi nazo zilicheza. "Mbona zinacheza?" alijiuliza, na moyo ukamdunda. Lakini foleni nzima ilikuwa inamsubiri. Aulize? Yeye, Kamusi?

"Neva!" alitangaza. Kisha akaitupia jicho karatasi ya Kobe. "Na wewe, umechora sakafu za baba yako? Futa hiyo!"

Darasa likaangua kicheko. Kobe akafuta, naye akachora nyuzi. Waliofuata walichungulia kidogo tu, wakachora nyuzi.

Mwalimu alipozikusanya karatasi, uso wake ulibadilika. "Nyuzi, nyuzi, nyuzi! Hii ni epithelia, nimeikwangua ndani ya shavu langu mwenyewe!" Akainua karatasi ya Kobe. "Nawe umefuta mpaka karatasi imetoboka, ili unakili kwa mwenzako? Nilikutegemea. Basi, hadubini nitaionyesha mwenyewe."

Kobe alirudishiwa karatasi yake, akainamisha kichwa. Hakumtaja mtu.

Hapo ndipo Kamusi alipoumia. Kama Kobe angemnyooshea kidole, angebishana naye, maana maneno anayo. Lakini kimya kile hakikuwa na jibu. Masikio yalimwaka moto. Wenzake walipotoka kwenda mapumziko, Kobe alibaki akijaribu kuilainisha karatasi yake kwa kiganja, na Kamusi akashindwa kumtazama.

Alimfuata mwalimu mezani.

"Mwalimu, Kobe alichora sawasawa. Mimi ndiye niliyemwambia afute." Akaendelea, "Niliona nyuzi zinacheza kila nikipepesa jicho. Nilijua kuna kasoro. Nikaona haya kuuliza."

"Ulichora kope zako, mwanangu," Mwalimu alisema.

Kamusi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wanaoanza wengi huziona. Hata mimi niliziona. Kosa lako si hilo. Mwenzako aliona kweli, wewe ukaifuta. Na mlimcheka wote darasani, kwa hiyo utayasema haya mbele ya wote."

Aliyasema wenzake waliporudi. Walimcheka, na alistahili. Kobe alipewa karatasi mpya na nafasi yake.

Siku ya wazazi, fundi wa vigae aliinama juu ya hadubini huku mwanawe akimsimamia.

"Mbona naona nyuzi nyeusi tu?"

Kobe alisita, akamtazama Kamusi aliyekuwa karibu. Wazazi wote walikuwa wanasikiliza. Kamusi uso ulimwaka tena, lakini alisogea mbele.

"Hizo ni kope zako, baba. Hata mimi niliziona, nikaziita neva. Kobe ndiye aliyeona vizuri. Sogeza jicho nyuma kidogo."

Fundi alisogea, akachungulia tena.

"Lo! Vigae hivi!" alisema hatimaye. "Kobe, umeviona wewe?"

"Nimeviona, baba."

Mwalimu alimshika Kamusi bega. "Aibu ya kusema 'sijaona' huisha hapo hapo," alimwambia taratibu. "Ile uliyoificha ilimwangukia Kobe."

Kamusi aliitikia kwa kichwa, kisha akageuka kwa Kobe.

"Na mimi naomba kuviona," alisema. "Bado sijaviona."