Saa Nne Zilizozidi Kati ya Cape Town na Durban

TAARIFA YA TOFAUTI YA MUDA WA SAFARI, CAPE TOWN HADI DURBAN, FOMU 9(B). Umbali: kilomita 1,750, bila nyongeza. Muda: saa ishirini na nane badala ya ishirini na nne. Sababu: "Barabara." Kondakta Mokoena alisaini na kugonga muhuri.

Magharibi ilikuwa inaingia basi liliposimama Colesberg. Ndabenhle alikaa kiti cha kumi na tatu. Cha kumi na nne alikikatia tiketi kwa ajili ya kaka yake Mfanafuthi, aliyefia hospitali Cape Town. Maiti ilishatangulia, roho ilikuwa inasafiri kwenye tawi la miiba lililolazwa juu ya kiti. Kwa mila yao, Ndabenhle alikatazwa kuzungumza na mtu mwingine mpaka nyumbani, na kila mto ilimpasa amwambie kaka yake kuwa wanavuka. Akikosea, mama yao angezika mwili mtupu.

"Wa kumi na nne, kitambulisho," alisema Mokoena.

Ndabenhle akanyoosha tiketi.

"Hii nimeiona. Mwenyewe yuko wapi? Au ndiye huyu mwenye majani?"

Basi zima likacheka.

"Wee Mokoena, mwache," bibi mmoja wa nyuma alidakia. "Anamrudisha mtu wake."

"Bibi, kanuni zinamjua abiria, mzimu hazimjui. Kuna mtu anangoja kiti hapo nje. Kijana, sema kwa mdomo wako: hapa pana mtu au hapana?"

Ndabenhle, karani wa benki mwenye shati la pasi, akaona macho yote yamemgeukia.

"Hapana mtu. Ni mti tu."

Tawi likatupwa juu kwenye mizigo. Mfanyabiashara wa kondoo akaketi.

Nusu saa baadaye wakafika daraja la mto Orange. Ndabenhle akafumbua mdomo, akamtazama jirani yake, akaufumba.

Mlango ukafunguka wenyewe... fsssss.

Harufu ya dawa za hospitali ikapita kati ya viti, ikatoka nje. Kisha mlango ukajifunga.

Basi likaendelea. Baada ya saa nzima, mbele yao, daraja.

Lilelile.

"Si tumeshalivuka?" dereva alinong'ona.

Hakuna aliyecheka tena. Wakalivuka. Saa nyingine, daraja. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa zimeganda.

Bibi akamshika Ndabenhle bega. "Ameshuka huyo, mjukuu wangu. Mwite. Kwa sauti, wote tusikie."

Ndabenhle akaliteremsha tawi. Lilikuwa jepesi kama limekaushwa juani. Akawatazama abiria.

"Kaka... panda," akanong'ona.

"Kwa sauti!"

Hakuweza. Walipolivuka mara ya tano, barabara ikawaachia.

Ndabenhle alimkana kaka yake mbele ya watu, akaona aibu kumwita, na Mfanafuthi akabaki darajani.