Mafuta Si Mafuta

Saa kumi na mbili asubuhi basi dogo lilikuwa limekwisha kuoshwa. Lilisimama mbele ya nyumba, maji yakidondoka chini ya milango. Mama Pacha alikuwa anapangusa viti. Mumewe alikuwa ndani, anatafuta soksi ya pili.

Watu walimwita mumewe Taratibu, kwa sababu hakuwahi kuendesha gari kwa fujo. Kwa miaka sita alipeleka watoto shuleni kwa basi hilo. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Wawili kati yao walikuwa pacha wake mwenyewe.

"Mama Pacha!" aliita kutoka ndani. "Taa nyekundu ya breki inawaka tangu jana. Hebu fungua boneti, angalia kile kikopo cha breki. Kama kimepungua, ongeza mafuta."

"Mafuta gani?"

"Yako stoo, mama. Mafuta ni mafuta! Umeiona soksi yangu?"

Mama Pacha alikwenda stoo. Akakuta dumu la mafuta ya injini. Akamimina kidogo kidogo, mpaka kikopo kikajaa hadi kwenye mstari. Hakumwaga hata tone. Walipowasha gari, taa nyekundu haikuwaka tena.

"Umeona?" Taratibu alisema, soksi zote mbili zikiwa miguuni. "Fundi wa nini, na mimi nina mke?"

Wakacheka. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano, wakati wa chakula, Taratibu alisema, "Gari limekuwa zito siku hizi. Kama mtu analivuta kwa nyuma."

"Labda sisi tumenenepa," pacha mmoja alisema.

"Wewe? Mbavu zako mtu anaweza kuzihesabu akiwa ng'ambo ya barabara!"

Wakacheka tena. Alhamisi alisikia harufu ya kuungua karibu na gurudumu la mbele. Ijumaa asubuhi pedali ya breki ilikuwa laini. Ilibidi aikanyage mara tatu ndipo ishike. Alijisemea kimoyomoyo, "Leo ni siku ya ukaguzi. Kama kuna kasoro, wataiona."

Akapakia watoto, akawapeleka.

Baada ya hapo alimchukua mkewe, kwa sababu gari liliandikishwa kwa jina la mkewe. Wakaenda kituo cha ukaguzi wa magari.

Mkaguzi wa siku ile alikuwa jirani yao. Madereva walimpa jina la Mama Nyundo. Kila alipokwenda alikuwa na nyundo ndogo, ya kugonga vyuma na nati za magurudumu. Watu walisema hata harusini hakai kitini kabla ya kukigonga.

"Jirani, habari za nyumbani?" Taratibu alisalimia kwa tabasamu pana.

"Habari za nyumbani utaniuliza nyumbani," Mama Nyundo alijibu. "Hapa mimi ni mkaguzi. Washa taa."

Alikagua taa, honi, mikanda na matairi. Aligonga nati moja moja. "Ikilia vizuri, imekaza," alimwambia Mama Pacha. "Ikilia kama chungu chenye ufa, imelegea." Nati zote zililia vizuri. Taratibu akaanza kupiga mluzi.

Kisha magurudumu ya mbele yakawekwa kwenye mashine ya kupima breki. Ni vyuma vya mviringo, vimelala sakafuni. Vinazungusha gurudumu, na dereva anatakiwa kulizuia kwa breki. Mshale ukutani unaonyesha nguvu ya breki.

"Kanyaga," alisema Mama Nyundo.

Mshale haukusogea.

"Nimesema kanyaga, baba."

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga kama dereva. Usiibembeleze."

"Mama, mguu wangu umefika chini kabisa!"

Mluzi ulikuwa umekwisha. Taratibu alikanyaga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mshale ukapanda kidogo upande mmoja, kisha ukaanguka. Magurudumu yaliendelea kuzunguka kama hakuna mtu ndani ya gari.

Mama Nyundo alizima mashine. Akaweka nyundo chini.

"Leo umebeba watoto?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Umepita wapi?"

"Kwenye mteremko. Ule wa shuleni."

Mama Pacha alishika ukuta. Mawazoni aliwaona watoto wake wawili kiti cha mbele, wakiimba. Aliuona mteremko, na lango la shule chini yake, na watoto wengine wakivuka.

"Sasa ulisimamaje?" Mama Nyundo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa gia. Na breki ya mkono. Nilidhani breki zimechoka tu."

"Zimechoka! Baba, breki hazichoki kama wewe. Breki zikilegea, zinakuita."

Alifungua boneti. Akafungua kifuniko cha kikopo cha breki na kutoa mpira wake. Mpira ulikuwa umevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. Haukuweza kurudi mahali pake.

Mama Nyundo alichukua glasi ya maji. Akadondosha mafuta kidogo kutoka kwenye kikopo. Mafuta yakaelea juu ya maji, yakang'aa.

"Mafuta halisi ya breki huchanganyika na maji," alisema. "Haya yanaelea. Haya ni ya injini. Nani ameyatia humu?"

Taratibu alimtazama mkewe, kisha akatazama sakafu. "Ni mimi," alisema.

"Mwongo," Mama Pacha alisema. "Ni mimi. Kwa mkono wangu huu. Mungu wangu, na sikumwaga hata tone!"

"Lakini mimi ndiye niliyekwambia mafuta ni mafuta."

Mama Nyundo alivuta pumzi. "Neno hilo linawaponza wengi. Ya kupikia tunaita mafuta. Ya kujipaka, mafuta. Ya taa, mafuta. Ya injini, mafuta. Na ya breki, mafuta vilevile. Haya niambie, utajipaka usoni mafuta ya taa uende ibadani?"

Mama Pacha alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ndani ya breki kuna mipira midogo. Hiyo ndiyo inayozuia mafuta yasivuje, ili breki ibane. Ikikutana na mafuta ya injini, inavimba. Kwanza breki inang'ang'ania gurudumu, gari linakuwa zito, unasikia harufu. Halafu mipira inaharibika na kuachia. Ikiachia, hakuna breki."

Aliingia kwenye shimo chini ya gari na tochi. Akatoka na kidole kilicholowa.

"Na kosa la pili ni hili. Mpira wa breki ya gurudumu la nyuma unavuja. Kikopo kikipungua, msiulize, 'Tuongeze nini?' Ulizeni kwanza, 'Yamekwenda wapi?' Taa ile ilikuwa inawaambia kitu. Nyie mkaifunga mdomo."

Akaandika kwenye karatasi: HAIRUHUSIWI BARABARANI.

"Gari haliondoki hapa kwa magurudumu yake. Litavutwa mpaka kwa fundi."

"Lakini watoto wanatoka saa nane!" alisema Taratibu.

"Watarudi kwa miguu. Miguu ina breki."

Siku ile Taratibu na mkewe waliwarudisha watoto wote kumi na mmoja kwa miguu, wawili wawili.

Fundi alifanya kazi siku nne. Alisafisha mabomba ya breki yote. Alibadilisha mipira yote, hata ile iliyoonekana mizima. Alitia mafuta mapya ya breki, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Gari liliporudi kwa Mama Nyundo, mshale ulipanda pande zote mbili sawasawa. Mama Nyundo aligonga nati zote upya, kisha akasaini.

"Sasa," alisema, "habari za nyumbani?"

Nyumbani kulikuwa na kazi nyingine. Mama Pacha alitaka wazazi waambiwe.

"Tukisema, tumekwisha," alisema mumewe. "Nani atatupa mtoto wake?"

"Watoto ni wao. Na aliyewafikisha salama siku ile si wewe wala mimi. Nitamshukuruje Mungu huku nawaficha wenye watoto?"

Wazazi wakaitwa uani. Mama Pacha alisimama akawaeleza yote: taa, dumu, mshale, mteremko. Mzazi mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Mshona nguo wa barabara ya pili, ambaye ana mtoto mmoja tu, aliinuka.

"Wangu hapandi tena," alisema, akaondoka.

Hawakumlaumu.

Tangu siku ile kila asubuhi wana kazi yao kabla ya watoto kupanda. Mama Pacha anaangalia mstari wa kikopo. Anachungulia chini ya gari na nyuma ya magurudumu kama pamelowa. Chupa ya mafuta ya breki inakaa peke yake, na ameiandika kwa herufi kubwa: BREKI TU. Taratibu anawasha gari, anakanyaga pedali na kuishikilia, huku akihesabu mpaka thelathini. Pedali ikizama, hakuna safari. Ikikaa imara, wanaondoka. Wazazi wengine huja kuangalia. Wengine sasa hufanya hivyo hata kwenye magari ya kazini kwao.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, mshona nguo alikuja. Pini za kushonea zilikuwa bado zimechomekwa kwenye nguo yake kifuani. Mtoto wake alibaki ng'ambo ya barabara, begi mgongoni.

"Shuka," alimwambia Taratibu.

Taratibu alishuka bila kuuliza. Mshona nguo akapanda kiti cha dereva. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akaishikilia. Midomo yake ilihesabu taratibu. Alifika thelathini. Akaendelea mpaka sitini. Pedali haikuzama.

Akashuka, akajipangusa mikono. Akamtazama Mama Pacha usoni.

"Na kesho nitakuja kukanyaga tena."

"Karibu, dada. Njoo kila siku."

Mshona nguo aligeuka, akatazama barabara kushoto na kulia.

"Vuka, mwanangu," aliita. "Njoo upande."