Sila Anakwenda Kituoni

Ruthu anaishi Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Ni mjane. Anaishi na mwanawe, Sila, mwenye miaka ishirini na tisa. Sila ni mtu mzima mwenye nguvu, lakini maneno yake ni machache.

Kila asubuhi Ruthu hupika uji wa uwele. Sila hunywa kwa kikombe cha bluu. Ukimpa cha kijani, hakigusi. Treni ikikaribia, huziba masikio kabla mama yake hajasikia chochote.

Zamani walikwenda shambani pamoja. Siku hizi nyonga inamuuma Ruthu. Sila akiondoka ghafla, mama yake hawezi kumkimbilia. Kwa hiyo mvua zilipoanza, na karanga zikataka palizi, alimfungia ndani. Alimwachia maji na viazi vitamu. Hakupenda kufanya hivyo, lakini hakujua njia nyingine.

Siku moja alirudi, akakuta kioo cha dirisha kimevunjika. Sila alikuwa sakafuni, akijitikisa mbele na nyuma. Mkono wake ulikuwa unatoka damu. Ruthu alimkumbatia. Sila akapiga kelele, akamsukuma.

Jirani yao mpya, Anifa, alisikia. Alikuja mbio, lakini alipofika mlangoni alipunguza mwendo. Hakumshika Sila. Aliketi chini, mbali kidogo naye, akamsogezea kitambaa safi.

"Sila, bonyeza hapa," alisema kwa sauti ndogo. Akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe.

Sila alitazama. Akachukua kitambaa, akabonyeza jeraha. Alipotulia, walimpeleka zahanati, akafungwa bendeji.

Jioni Anifa alikuja kuwajulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulijifunza wapi kukaa naye vile?"

"Kazini. Nafanya kazi katika kituo cha kutwa, ng'ambo ya reli. Ni cha watu wazima wenye usonji. Wanakuja asubuhi, wanarudi kwao alasiri. Nadhani hata Sila ana usonji, ila daktari ndiye atakayethibitisha."

"Usonji ni nini?"

"Ni namna ubongo wa mtu unavyofanya kazi tangu kuzaliwa. Kelele zinaweza kumuumiza. Mabadiliko ya ghafla yanamtisha. Anaweza kushindwa kusema, lakini anaelewa mengi. Hauambukizi. Tena si kitu cha kutafutia dawa. Mtu anafundishwa kwa njia inayomfaa."

Ruthu alitazama mikono yake. "Watu waliniambia nimelaaniwa."

"Hukufanya kosa lolote, mama."

Ruthu alilia. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Walikwenda hospitali, na daktari akathibitisha. Jumatatu iliyofuata Ruthu alimpeleka Sila kituoni. Walipofika getini, Sila alilala chini, akakataa kabisa kuingia. Wakarudi nyumbani.

"Kituo chenu hakimfai," Ruthu alimwambia Anifa jioni.

"Ulimwambia mnakwenda wapi?"

"Dukani. Niliogopa atakataa."

"Basi alitegemea duka, akaona geti asilolijua. Hata mimi nimekosea, sikukueleza mapema. Tuanze upya. Tumwambie ukweli, na tumwonyeshe."

Anifa alipiga picha tano: njia, geti, meza ya kazi, sahani ya chakula, na mlango wa nyumbani kwao. Alizibandika kwenye boksi kwa mpangilio. Kila asubuhi Ruthu alizionyesha kwa kidole.

"Kwanza njia. Halafu geti. Halafu kazi. Halafu chakula. Halafu nyumbani."

Wiki ya kwanza waliishia getini, wakarudi. Wiki ya pili Sila aliingia kwa nusu saa, akiwa na kikombe chake, mama yake pembeni. Baadaye wakaongeza muda kidogo kidogo.

Pale kituoni wengine walifua, wengine walipika, wengine walifundishwa kuvuka barabara. Kila mtu alichagua kazi. Sila alipita kote, akasimama kwenye meza ya karanga. Castory, mzee wa miaka hamsini asiyesema kabisa, alikuwa akichambua. Alimtazama Sila, akasogeza kiti chake, akampa nafasi.

Sila aliketi. Akaanza kutoa karanga mbovu moja moja. Hata ile ndogo yenye doa la ukungu aliiona.

"Karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumu," Anifa alimwambia Ruthu. "Macho kama haya tunayahitaji."

Si kila siku ilikuwa nzuri. Siku moja mashine ya kusaga iliwashwa jirani, Sila akajipiga kichwa kwa ngumi. Anifa alimwonyesha chumba kimya cha nyuma. Tangu hapo kelele zikizidi, huenda huko mwenyewe. Akiwa tayari, hurudi mezani.

Wiki ya sita, Ruthu alikuwa ameketi nje ya chumba cha kazi, kama ilivyokuwa desturi yake. Sila alitoka. Akamshika mkono, akamwinua, akamwongoza mpaka getini. Ruthu alidhani amechoka, anataka kurudi nyumbani.

Sila akafungua geti. Akamtoa mama yake nje, yeye akabaki ndani.

"Mama, palilia," alisema.

Akafunga geti, akarudi kwa Castory.

Ruthu alisimama njiani, akicheka huku akijifuta macho kwa kanga. Kisha akaenda shambani, polepole, kwa mwendo ambao nyonga yake iliuweza. Alipalilia matuta matatu. Chini ya kivuli alikula chakula chake bila haraka. Alasiri alipokwenda kumchukua mwanawe, Sila alikuwa bado anachambua karanga, na ilibidi mama yake akae amngoje amalize.