Mchuzi wa Kamongo

Karugendo alifunga ndoano ya mwisho, akamkabidhi shemeji yake mshipi.

"Mwalimu, Makerere walikufundisha kila kitu ila kufunga fundo!"

Nathanieli alicheka kidogo. Hakuwa amecheka tangu amzike mkewe Adventina, dada yake Karugendo, wiki tatu zilizopita.

"Kesho alfajiri tunakwenda kwa Kokubanza," Karugendo akasema, sasa bila mzaha. "Ukoo umeamua. Yule bibi ndiye aliyemla dada yetu kwa uchawi. Tunachoma nyumba yake, aondoke Ijumbi."

Nathanieli alisukuma mtumbwi majini, akaondoka peke yake.

Angeweza kusema. Kokubanza, mjane jirani yao, hakuwa na kosa. Adventina alipougua homa na kukataa chakula, Nathanieli mwenyewe ndiye aliyempikia mchuzi wa kamongo, emamba kwa Kihaya, samaki aliye muziro wa ukoo wa mkewe: hawamli, hata sufuria yake hawaigusi. Kitabu kilisema unatia nguvu. Akamwambia ni ngege, samaki ambaye ukoo wake humla. Adventina alimaliza kikombe. Kesho yake akafa.

Homa ndiyo iliyomuua. Alikuwa na hakika... karibu hakika.

Jua lilizama nyuma ya migomba. Alitupa mshipi kando ya mafunjo. Maji yalitulia.

Ffuuh...

Akageuka. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa. Hilo aliwafundisha wanafunzi mwaka hadi mwaka.

Ffuuh... Kimya. Kisha pumzi mbili fupi.

Hivyo ndivyo Adventina alivyopumua mwishoni.

Harufu ya kitunguu na moshi ikajaa mtumbwini.

"Natha..."

Ni mtu mmoja tu aliyemwita jina hilo. Sauti ilitoka chini ya mbao, chini ya nyayo zake.

"Ulisema ni ngege."

"Nilitaka upone," akanong'ona.

"Nilijua."

Nathanieli aliinama, akashika ukingo wa mtumbwi.

"Nilijua tangu funda la kwanza. Lakini ulikishika kikombe kwa mikono miwili... nikashindwa kukukatalia." Pumzi mbili fupi tena. "Kokubanza amekukosea nini?"

Mshipi ukavutwa mara moja, kwa nguvu. Ukakatika.

Hakutazama majini. Alipiga kasia mpaka mtumbwi ukapanda mchangani.

Kulipopambazuka, wanaume wa ukoo walipofika na mienge, walimkuta ameketi mlangoni kwa Kokubanza. Ndani, bibi kizee alikuwa akikohoa.

"Ondoka hapo, shemeji."

Nathanieli aliwaambia yote, kwa Kihaya, polepole: samaki, kikombe, uongo. Aliposema emamba, wawili walirudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto.

Karugendo aliushusha mwenge wake.

"Dada alijua?"

Nathanieli alilifahamu swali hilo. Anayekula muziro kwa kujua, jina lake halipewi tena mtoto yeyote wa ukoo, na kaburini kwake hapana anayepalilia.

Wote walimtazama.

"Hakujua," akasema. "Nilimdanganya."