Maji ya Bomba la Moshi

Kila asubuhi boti yao ilivusha abiria. Baba alishika usukani. Mama alipokea nauli. Binti yao alikaa kibandani, karibu na injini, akisoma kabla ya shule.

Wiki hiyo binti alikuwa akishuka ameshika kichwa.

"Uvivu wa shule tu huo," alisema Baba.

Siku moja binti hakushuka. Mama alimkuta kaangukia begi lake. Alimwita, haitiki! Alimbeba mbio hadi nje kwenye upepo. Alipofumbua macho, walimkimbiza zahanati. Daktari akasema amevuta moshi.

"Moshi gani? Mbona sikusikia harufu?" Baba alishangaa.

Jioni alikuja fundi wa injini, mdogo wake Mama. Alifunua injini. Mpira wa bomba la moshi ulikuwa umekauka na kupasuka.

"Shemeji, mpira huu uliukaanga?"

"Umezeeka tu, shemeji yangu."

"Umeungua huu! Hebu washa injini kidogo."

Nyuma ya boti, bomba lilidondosha maji kidogo kidogo.

"Haya machozi. Yanatakiwa yaruke!" alisema fundi. "Maji haya yanapooza injini, kisha yanapooza moshi. Yakipungua, moshi wa moto unaunguza mpira. Mpira ukipasuka, moshi unaingia kibandani. Na ndani yake mna sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua."

Alizima injini. Akapapasa koki ya kuingizia maji ya nje kwenye injini.

"Nani amefunga koki hii nusu?"

Baba alikuna kisogo. "Abiria walilalamika. Bomba linawalowesha wakipanda. Wamevaa nguo za kazini, nikaona nipunguze."

Mama alisimama.

"Nguo? Mwanangu avute sumu ili suruali za watu zisilowe? Halafu unamwita mvivu! Mtoto analia kichwa, wewe unalinda pasi za watu!"

Baba aliinamisha uso.

Kesho yake boti haikutoka. Fundi alifunga mpira mpya, wa bomba la moshi hasa, akaubana kwa vibano viwili kila upande. Baba alifunga koki, akafungua chujio la maji hayo. Alitoa majani na kipande cha mfuko wa plastiki. Akalisafisha, akalirudisha, akafungua koki yote.

"Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya kuwasha," alisema fundi. "Ukishawasha, nenda nyuma utazame. Maji hayaruki? Zima hapo hapo. Na madirisha ya kibanda yawe wazi."

Binti alipopona, alirudi kibandani. Madirisha yalikuwa wazi. Baba aliwasha injini, akaenda nyuma kutazama. Maji yaliruka kwa nguvu.

"Nahodha, umenilowesha!" alifoka bwana mmoja, akipangusa suruali yake.

Mama alifungua mdomo. Baba akamwahi.

"Suruali itakauka, bwana. Siku maji haya yasipokurukia, usipande boti yangu."