Mwanasesere Aliyesubiri

Mapokezi ya hospitali yalifurika watu asubuhi ile fundi alipopita na mwanasesere wa mafunzo mikononi, mguu mmoja wa mpira ukining'inia nje ya shuka aliyofunikwa. Nesi mwenye sweta ya njano akauona, akadhani ni mtoto mgonjwa, akampokonya fundi, akamlaza mwanasesere juu ya benchi na kuanza kumkandamiza kifua.

"Pole, dada," fundi alisema. "Huyo hajapumua tangu atoke kiwandani."

Watu wakaangua kicheko. Nesi naye alicheka mpaka machozi, na kuanzia hapo fundi akawa hajiwezi kwa mapenzi. Simu hazikukatika.

"Umekula, baba mwanasesere?"

"Nakula vipi na wewe uko mbali, roho yangu?"

Kazi ya fundi ilikuwa kuendesha mtihani wa dharura za watoto. Alikaa nyuma ya kioo, akitawala mapigo ya moyo ya mwanasesere na kupima sekunde za kila timu. Waliochelewa kukandamiza kifua zaidi ya dakika moja, mwanasesere aliwafia, wakarudishwa mafunzoni.

Zamu ya timu ya nesi ilipofika, mapigo yalikatika, nesi akaduwaa. Alipekua dawa, akaita daktari, kifua asikiguse. Fundi alipomwona mpenzi wake anavyotokwa jasho, moyo ulimlegea. Dakika moja ilipopita, akamzuia mwanasesere asife, kisha akaandika: wamefaulu. Kosa dogo tu, alijiambia, tena la mapenzi.

Njia ya mwongo ni fupi. Miezi miwili baadaye aliletwa wodini mtoto wa kweli, wa miaka mitatu, moyo umesimama, na nesi akapekua dawa vilevile.

Kesho yake mchana aliingia chumba cha mtihani, macho yamevimba.

"Nimetazama video ya mtihani wetu. Dakika mbili na nusu! Mwanasesere wako alinisubiri."

"Nilikuhurumia, mpenzi."

"Yule wa jana hakunisubiri. Mama yake akaniuliza, 'Dada, ulikuwa unatafuta nini?'"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Washa," nesi alisema, akavua sweta. "Na usinisaidie."

Akawasha. Mapigo yalipokatika tu, mikono ya nesi ilikuwa kifuani, naye akihesabu kwa sauti iliyojaa kilio. Sekunde mbili tu. Fundi hakugusa kitu.

"Umefaulu," alimwambia, machozi yakimtoka. "Wallahi, safari hii ni kweli."

Nesi alimtazama sana kupitia kioo.

"Nitajuaje?" aliuliza. Akaokota sweta yake, akatoka.